Wakazi Wasio na Jimbo

Oktoba 1968, watu waliokuwa wakiishi ndani ya kiwanja kimoja huko Bethesda, Maryland, waliambiwa kwamba wao si wakazi wa Maryland. Hawakuwa wamehama. Kiwanja chenyewe ni cha Taasisi za Kitaifa za Afya, mali ya serikali kuu ya Marekani, na bodi ya kuandikisha wapigakura ya kaunti ya Montgomery iliona kwamba anayelala humo hana kura.

Mzizi wa jambo hili uko kwenye katiba ya mwaka 1787. Serikali kuu ikinunua ardhi kwa ajili ya ngome, maghala ya silaha au majengo mengine inayoyahitaji, na bunge la jimbo likaridhia, basi Kongresi ndiyo hutunga sheria mahali hapo. Sharti la ridhaa halikuwapo tangu mwanzo. Elbridge Gerry ndiye aliyeng'aka kwamba serikali kuu ingeweza kulitia jimbo utumwani kwa kununua ardhi yake kipande kwa kipande. Rufus King akapendekeza maneno ya ridhaa yaongezwe. Hofu yao ilikuwa juu ya majimbo. Watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo hawakutajwa.

Maryland iliachia mamlaka yake juu ya kiwanja cha Bethesda mwaka 1953. Lakini haikuachia kila kitu, na hapa ndipo ninapokasirika kila nikiisoma kesi hii. Wakazi wale waliendelea kulipa kodi ya mapato kwa jimbo. Magari yao yalisajiliwa Maryland, watoto wao walisoma shule za umma za Maryland, na ndoa ikivunjika walikwenda mahakama za Maryland. Talaka unapewa, kura hupewi!

Walishtaki. Juni 15, 1970, katika kesi ya Evans dhidi ya Cornman, Mahakama ya Juu iliwapa ushindi, na hukumu ikaandikwa na Jaji Thurgood Marshall. Ndiye yule yule aliyeandaa rasimu ya haki za raia kwa ajili ya katiba ya Kenya mwaka 1960, wakati wa mazungumzo ya Lancaster House, ambako ardhi pia ilikuwa mwiba. Safari hii alisema kwamba watu wanaoguswa na sheria za jimbo kiasi hicho hawawezi kuhesabiwa wageni wakati wa kura tu.

Kiwanja kilibaki mikononi mwa serikali kuu.