Elimu ya jenetiki kwa wauguzi nchini Tanzania

Elimu ya jenetiki kwa wauguzi ni mafundisho kuhusu jeni, urithi na magonjwa ya kurithi, yanayotolewa kwa wauguzi na wakunga ili wayatumie katika huduma za afya ya msingi. Siku hizi yanagusa pia jenomiki, yaani elimu ya jenomu nzima ya kiumbe. Nchini Tanzania umuhimu wake unaonekana hasa katika ugonjwa wa selimundu, unaojulikana pia kama siko seli, ambao umeenea katika mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria, ukiwemo Mkoa wa Mara.

Historia

Jenetiki ilikaa muda mrefu mikononi mwa madaktari bingwa na watafiti. Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulipokamilika mwaka 2003, ilionekana kwamba maarifa hayo yatahitajika hata katika zahanati. Mwaka huohuo Uingereza ilitoa mwongozo wa stadi za jenetiki ambazo kila muuguzi anapaswa kuwa nazo, na mwaka 2006 Marekani ilichapisha wa kwake.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya sayansi hii. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake uliofanyika katika eneo hili. Alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hiyo imebaki kwa wingi katika nchi zenye malaria, ingawa anayerithi mbili huugua.

Nafasi ya muuguzi

Mwisenge ni kata ya Manispaa ya Musoma, kando ya ziwa. Kama katika kata nyingine nchini, mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Rufaa ya ngazi ya juu kwa Kanda ya Ziwa ni Hospitali ya Bugando, Mwanza. Hivyo mtu wa kwanza kumwona mtoto mwenye selimundu kwa kawaida si bingwa wa damu, bali ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto.

Katika miezi ya mwanzo mtoto hulindwa na hemoglobini aliyozaliwa nayo. Dalili huanza takriban akiwa na miezi sita: mikono na miguu kuvimba kwa maumivu, macho kuwa ya manjano, upungufu wa damu, wengu kukua. Muuguzi asiyejua chanzo anaweza kutibu malaria kila mara na kumrudisha mtoto nyumbani. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Barani Afrika, nusu au zaidi ya wasiopata matunzo hufa kabla ya kutimiza miaka mitano.

Selimundu kama somo

Selimundu ni mfano rahisi wa kufundishia. Herufi moja ya DNA ikibadilika katika jeni ya kromosomu namba 11, hemoglobini hubadilika, na seli nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Hali zinazotokea zaidi ni hizi:

- AA: hana jeni ya selimundu;
- AS: amebeba jeni moja, kwa kawaida haugui;
- SS: ana ugonjwa.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, uwezekano katika kila mimba ni asilimia 25 mtoto kuwa AA, asilimia 50 kuwa AS na asilimia 25 kuwa SS. Hapa wanafunzi wengi hukosea. Robo haimaanishi kwamba mtoto wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wako salama. Kila mimba huanza hesabu upya, kama kurusha sarafu.

Kosa lingine huleta madhara ndani ya familia, pale mama anapolaumiwa kuleta ugonjwa, au inaposemwa kuwa mtoto amerogwa. Muuguzi anayeweza kuchora mchoro wa urithi mbele ya wazazi huonyesha kwamba SS haiwezi kutokea bila jeni ya pande zote mbili.

Matumizi katika zahanati

Maarifa haya huongoza kazi ya kila siku: kuuliza historia ya familia, kupima kwa tone la damu mahali penye vipimo vya haraka, na kuanzisha matunzo mapema. Matunzo hayo ni penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo zote, asidi ya foliki na chandarua. Mtoto mwenye SS hana kinga ya AS. Malaria inaweza kumuua. Homa kwake ni dharura. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu na vifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, ulithibitisha kwamba inaweza kutumika kwa usalama kwa watoto wa Afrika.

Ualbino

Ualbino nao hurithiwa kwa kanuni hiyohiyo: wazazi wawili wenye rangi ya kawaida wanaweza kuzaa mtoto mwenye ualbino. Kanda ya Ziwa imeshuhudia mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yaliyotokana na imani za kishirikina. Kwa hiyo maelezo sahihi ya mkunga siku ya kujifungua hulinda ndoa na pia uhai, pamoja na ushauri wa kukinga ngozi dhidi ya jua.

Usiri

Kipimo cha jeni humgusa mtu mmoja lakini hufichua habari za ndugu zake, na pengine hata kuzua maswali kuhusu baba wa mtoto. Hivyo muuguzi hufundishwa kuomba ridhaa kabla ya kupima, kutoa majibu faraghani, na kutomwamulia mtu nani wa kuoana naye au kama azae. Kazi yake ni kueleza. Uamuzi ni wa wenyewe.