UZI: Askari akisema "silali usiku"

1/ Mjadala wa usalama ukianza, hakosi mtu wa kusema ati askari halalamiki. Mimi nasoma sayansi ya siasa, naishi Ruiru, katikati ya kambi za Kahawa na Thika. Wanajeshi ni majirani zetu. Huu ukimya ulitoka wapi?

2/ Jeshi letu lilizaliwa na KAR ya mkoloni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza iliwapiga risasi wanajeshi 306 kwa makosa kama kutoroka na woga. Baadhi yao mizinga ilikuwa imewavuruga akili. Walisamehewa 2006, wakiwa kaburini.

3/ KDF iliingia Somalia Oktoba 2011. Ikaja El Adde, 15 Januari 2016. Serikali haikutupa hesabu kamili ya waliouawa. Kama hata vifo havisemwi, aliyerudi hai aanzie wapi?

4/ Sheria nayo? Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu: kujaribu kujiua, jela hadi miaka 2. Mahakama Kuu ilikitangaza kinyume cha Katiba Januari 2025 tu. Kabla ya hapo, kumwambia mkubwa wako "nilijaribu kujiua" ilikuwa kukiri jinai.

5/ Ni kweli, jeshi lina siri zake. Lakini siri ya operesheni si siri ya maumivu. Mwanasiasa akija kuahidi silaha mpya, muulize: askari akisema halali usiku, anapelekwa kwa daktari ama anafunguliwa mashtaka?