Pete, Upanga na Amri za Serikali

Wanafunzi wangu huifahamu Japani ya Meiji kwa reli, viwanda na jeshi lake. Mimi hupendelea kuanza na kitu kidogo zaidi: pete ya dhahabu iliyotiwa nakshi kwa mkono, yenye ua la mplamu, jani la momiji lililoiva kwa wekundu, au theluji iliyolala juu ya tawi la msonobari. Aionaye hudhani ameona pambo la kale la Kijapani. Nakshi ni ya kale kweli. Pete yenyewe si ya kale.

Katika enzi ya Edo, Wajapani kwa kawaida hawakuvaa pete, hereni wala mikufu. Mwanamke alijipamba kwa vitana na pini za nywele. Samurai aliiweka fahari yake katika upanga. Bamba la kukinga mkono na vipambo vya mpini vilikuwa kazi ya mafundi mahodari, ambao katika eneo lisilozidi kiganja waliweza kuonyesha mawimbi, mwezi na nyasi za majira ya kupukutika majani. Walitumia dhahabu, fedha na shakudo, yaani shaba yenye dhahabu kidogo, ambayo hutiwa dawa ikawa nyeusi kama kunguru.

Machi 1876 serikali ikapiga marufuku kubeba panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na wachache wengine. Amri iliwalenga samurai. Fundi hakuwa mlengwa, lakini ndiye aliyeamka akiwa hana mteja. Baadhi waligeukia vyombo vya kuuzwa ng'ambo, wengine vishikizo vya mikanda ya kimono, na kadiri desturi za Magharibi zilivyoenea, pete. Patasi ni zile zile, ua ni lile lile. Limehama kutoka kwenye mpini hadi kidoleni.

Wapo waliookolewa na serikali hiyo hiyo. Kano Natsuo, bingwa wa vipambo vya panga, alikwisha kupewa kazi ya kubuni sarafu mpya za taifa, na mwaka 1890 aliteuliwa miongoni mwa wasanii wa kwanza wa Kasri la Kifalme. Lakini Natsuo alikuwa mmoja. Ni kosa letu wanahistoria kumhesabu aliyevuka mto na kuwasahau waliozama.

Hata ua la mplamu lina amri yake. Kwa kalenda ya zamani, mwaka mpya uliingia karibu na kuchanua kwa mplamu. Kisha siku ya 3 ya mwezi wa 12 ikatangazwa kuwa Januari 1, 1873, na mwaka mpya ukaangukia katikati ya baridi. Okuma Shigenobu, aliyekuwa kiongozi serikalini, alieleza baadaye kwamba hazina ilikuwa taabani, na kalenda ya zamani ingedai mwaka huo mishahara ya miezi 13. (Watumishi wa umma wanaonisoma wataelewa bila maelezo zaidi.) Kwenye pete, mplamu bado unafungua mwaka.

Julai 7, 1940, wakati wa vita na China, ikaja amri nyingine: kutengeneza na kuuza vitu vya anasa, vito vikiwemo, kulizuiwa, na mabango mjini Tokyo yakatangaza kwamba anasa ni adui. Safari hii sonara ndiye aliyelengwa. Mjukuu wa fundi wa panga, aliyerithi patasi za babu yake na kuzielekeza kwenye pete, alitakiwa kuziweka chini kwa mara ya pili.