Audiolojia ya shuleni

Tawi la taaluma ya usikivu linalomhudumia mtoto mwenye upungufu wa kusikia akiwa darasani. Nchini Marekani liliimarika baada ya sheria ya 1975 ya elimu kwa watoto wenye ulemavu. Leo kanuni za huko huzitaka shule kuhakikisha kwamba vifaa vya kusikia wanavyovaa wanafunzi vinafanya kazi. Mtaalamu huko husomea udaktari wa audiolojia, kwa kawaida miaka 4 baada ya shahada ya kwanza. Mazoezi ya kliniki pekee hayatoshi: chumba cha kupimia ni kimya, ilhali darasa lina mwangwi, viti vinavyoburutwa na mwalimu anayeongea huku ameuelekea ubao. Hivyo mtaalamu hufunzwa pia kupima kelele za darasa na kuandaa maikrofoni ya mwalimu inayorusha sauti moja kwa moja hadi kwenye kifaa cha mtoto.