Moshi

Katika mahakama za Mbulu na Katesh wilayani Hanang, kama kwingine Tanzania, hati ya mashtaka hupenda majina mawili: “pombe ya moshi, maarufu kama gongo”. Mtaani jina ni gongo. “Moshi” ni jina la serikali, limo hata katika kichwa cha Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, iliyopiga marufuku kuitengeneza bila leseni.

Jina limetokana na kazi yenyewe. Pombe iliyochacha hutiwa kwenye pipa lililo motoni, mdomo ukazibwa kwa udongo, mvuke ukapita kwenye mrija uliozamishwa katika maji baridi, kisha ukadondoka tone kwa tone chupani. Pombe ya asali ya Wadatoga wa huko hunywewa hadharani, wazee wamekaa. Gongo hupikwa korongoni usiku, na anayeinywa hajui kilichomo.

Hapo ndipo marufuku huzaa uhalifu. Marekani ilipiga marufuku pombe 1920 hadi 1933, jambazi Al Capone akatajirika Chicago. Kenya ilipiga marufuku chang'aa, gongo ya huko, 1980, watu wakaendelea kufa na kupofuka kwa vilivyochanganywa humo; 2010 ikahalalishwa kwa masharti. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona hilo mapema: katika riwaya yake ya 1977, theng'eta, kinywaji cha wazee kilichozuiwa na mkoloni, kinaishia kuwa mali ya matajiri.

Sheria yetu ina mlango wa leseni. Wapishi wa Hanang na Mbulu, wengi wao wanawake wanaolipa ada za watoto, waonyeshwe mlango huo kabla ya pingu.