Aliyenunua Mkataba Anadai Nini?

Mwaka 2004 kampuni ya Southcott Estates ilikubaliana na Bodi ya Shule za Kikatoliki ya Toronto kuuziwa kiwanja kwa dola milioni 3.44 za Kanada. Bodi haikujitahidi inavyopaswa kupata kibali cha kukigawa. Siku ya kukamilisha mauzo ikapita, nayo ikatangaza kuwa mkataba umekwisha. Southcott ilikwenda mahakamani kudai kiwanja chenyewe. Jaji aliona kosa ni la bodi, lakini akakataa kuilazimisha iuze. Akaamuru fidia ya dola 1,935,500. Mahakama ya Rufani ikaipunguza hadi dola 1, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaafiki. Kampuni iliyosaka faida ilipaswa kuisaka penginepo badala ya kukaa ikingoja hukumu.

Southcott ilikuwa mnunuzi wa kwanza. Hata hivyo, hukumu hiyo inamwelemea zaidi mtu aliyehamishiwa mkataba.

Toronto na Vancouver zimejaa watu wa namna hiyo. Mtu hulipia amana ya fleti ambayo bado ni mchoro, kisha kabla jengo halijakamilika humwachia mwingine nafasi yake kwa bei ya juu. Mwaka 2016 jimbo la British Columbia liliingiza masharti katika mikataba ya nyumba inayoandaliwa na mawakala: mkataba usihamishwe bila ridhaa ya muuzaji, na faida ya uhamisho imwendee yeye, isipokuwa mwenyewe akubali masharti hayo yaondolewe.

Je, mhamishiwa huyu akinyimwa nyumba, adai nyumba au fedha? Zamani jibu lilikuwa jepesi, kwa kuwa kila kipande cha ardhi kilihesabiwa kuwa hakina mfano. Mwaka 1996, katika Semelhago dhidi ya Paramadevan, Mahakama ya Juu ilisema dhana hiyo haitoshi tena. Mdai athibitishe kuwa mali ile haina mbadala. Kesi yenyewe ilihusu nyumba ya dola 205,000 iliyofikia dola 325,000 kesi iliposikilizwa. Mwenye kununua mkataba ili auuze tena atapata shida kuthibitisha hilo, na ni haki apate shida. Aliyeununua ili ahamie na wanawe karibu na shule yao ana hoja nzito, hata kama jina lake halikuwamo katika karatasi za mwanzo.

Utenguzi, yaani muuzaji anapouvunja mkataba, una mantiki nyingine. Hapo mahakama hutazama mwenendo wa mnunuzi wa kwanza, maana mhamishiwa hupokea haki pamoja na dosari zake. Amana ikichelewa, wa kwanza akidanganya, anayeumia ni wa pili. Tena mkataba ukikataza uhamisho, muuzaji hafungwi na uhamisho huo: ndivyo Baraza la Mabwana la Uingereza lilivyoamua mwaka 1993 katika Linden Gardens, kesi iliyotokana na jengo la Jermyn Street, London.

Kwa hiyo mhamishiwa hupimwa mara mbili: kwa makosa asiyoyatenda, kisha kwa nia yake mwenyewe. Kipimo cha pili kina maana. Cha kwanza kinahitaji kulegezwa, angalau pale muuzaji aliyearifiwa uhamisho anapotengua mkataba bila kumpa mhamishiwa nafasi ya kulipa kilichobaki.

Kenya inahusika moja kwa moja, kwani Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 23, hufuata sheria ya kawaida ya Uingereza, na nyumba za kununuliwa zikiwa bado michoro ni biashara ya kila siku Nairobi. Wakili wa huko atafaidika na kesi ya Uingereza ya Johnson dhidi ya Agnew ya mwaka 1979: aliyepata amri ya kutekelezewa mkataba, ikashindikana, anaweza kurudi mahakamani, amri ifutwe, mkataba ukomeshwe, naye alipwe fidia. Ombi la mhamishiwa basi lidai nyumba na fidia kwa mbadala tangu siku ya kwanza, liambatane na taarifa ya uhamisho aliyopewa muuzaji, na ushahidi kwamba fedha za kumalizia zipo benki.