Duka la Njiani na Mizani ya Kahawa



Chama chetu kinapotimiza miaka 10, si vibaya kuyakumbuka maduka madogo ya kando ya njia, ambayo kabla ya ushirika ndiyo yaliyokuwa soko letu, benki yetu, na kwa wengi kifungo chetu.

Biashara si jambo geni Karagwe. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, wafanya biashara Waarabu walikuwa wamekwisha kujenga kituo chao Kafuro, wakitafuta pembe za ndovu. Buni nayo ilitafunwa na kutolewa kwa wageni kwa heshima tangu kale. Lakini kodi ilipodaiwa kwa fedha taslimu, mkulima alihitaji shilingi, na kahawa ndiyo iliyoileta.

Dukani mlikuwa na amerikani, chumvi, mafuta ya taa, viberiti, sabuni na majembe. Mlangoni ilikaa mizani. Buni kavu ilipimwa, ikatiwa guniani, ikapelekwa Bukoba, ikavuka Ziwa kwa meli hadi Kisumu, kisha kwa reli hadi Mombasa.

Mwezi wa Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na bei ya kahawa ikaanguka ulimwenguni kote. Brazil, kati ya 1931 na 1944, iliteketeza magunia kama milioni 78, kila moja kilo 60, ili kuinua bei. Mkulima wa Bugomora angejuaje habari hizo? Yeye aliona tu mwenye duka akipunguza bei, akasema ameibiwa. Pengine aliibiwa kweli, maana mizani ilikuwa ya mnunuzi na hesabu ilikuwa ya mnunuzi. Kodi, hata hivyo, ilibaki palepale ikimngoja.

Hapo ndipo butura ilipomkamata mtu. Mwenye shida aliuza buni ingali mtini, pengine ingali ua, kwa bei ndogo mno. Msimu ulipofika, akachuma mali ya mwingine katika shamba lake mwenyewe. Yafaa tuwe waadilifu: mwenye duka naye alikuwa mdeni. Bidhaa zake alikopeshwa na matajiri wa Bukoba, nao walikopeshwa na wakubwa kuliko wao. Deni lilishuka kama maji, na aliyekuwa bondeni ndiye aliyelowa.

Serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Vyama vya Ushirika mwaka 1932, na wenzetu wa Kilimanjaro wakaunda KNCU mwaka 1933. Kwetu mambo yalikwenda kwa shida zaidi. Mwaka 1937 amri za serikali juu ya utunzaji wa kahawa zilizusha ghasia Bukoba, na polisi wakaitwa. Wazee wale hawakuchukia kahawa. Walichukia kuamriwa juu ya mti wao na watu wasioipandisha bei yake. Ilipita miaka 13 ndipo Bukoba Native Co-operative Union ikaanzishwa, mwaka 1950, na mizani ikaanza kusimamiwa na wenye kahawa.

Butura haikufa pamoja na miaka ile. Hata katika wilaya yetu ya Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, yuko anayeuza ua la mbuni kwa sababu ada ya shule haingoji mavuno. Na mnunuzi siku hizi mara nyingi si mgeni mwenye duka, bali ni jirani, na pengine ni mwanachama mwenzetu.